IST ya kilomita 214,000 au ya 89,000?

Msomaji wa Morogoro ameniandikia hivi:

"Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimepata mkopo wa SACCOS, mkononi nina milioni 11 na siwezi kuongeza hata shilingi. Nimeona Toyota IST mbili, zote za 2004, zote namba D. Ya kwanza ni ya mama mmoja muuguzi mstaafu. Imetembea kilomita 214,000, rangi imepauka, anataka milioni 8 na nusu. Ana daftari ameandika kila alipomwaga oili. Ya pili ipo yadi, inang'aa, dashibodi inasoma 89,000, wanataka milioni 10 na laki 8. Kila ninayemuuliza ananiambia 214,000 ni injini iliyokwisha, nichukue ya yadi. Kazini ni kilomita 18 kwenda tu, nusu yake vumbi. Nichukue ipi, na nikishachukua niitunze vipi isinimalizie mshahara?"

Mwalimu, nakujibu kabla chai haijapoa: anza na ya mama muuguzi. Sijaliona gari lenyewe, kwa hiyo jibu langu lina masharti, nayo nitakupa moja moja. Ila kati ya gari ambalo mwendo wake unajulikana na gari ambalo halijulikani chochote isipokuwa namba iliyo kwenye dashibodi, mimi nanunua lile la kwanza siku zote. Rangi iliyopauka haijawahi kumlaza mtu Mikumi usiku.

Tupige hesabu kwanza. Gari la miaka 20 na ushee lenye kilomita 214,000 limetembea kama kilomita 10,000 kwa mwaka. Hizo hazifiki 30 kwa siku. Huo ni mwendo wa mtu anayekwenda kazini, sokoni na kanisani. Sasa geuza upande wa pili: 89,000 kwa miaka hiyohiyo ni kama kilomita 12 kwa siku, Japani na Tanzania kwa pamoja. Inawezekana. Wapo wazee wa Kijapani wanaotoa gari siku ya kwenda dukani tu. Lakini likishafika Bongo, likapewa namba D, likatumika miaka yote hiyo na bado likabaki kwenye 89,000? Hapo ndipo ninapoomba kuonyeshwa ushahidi.

Na kabla hatujaenda mbali, hiyo "namba D" isikuchanganye. Madalali wanaitaja kama cheti cha kuzaliwa. Herufi za kibao zinakuambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, basi. Gari la 2004 lililosajiliwa mwaka jana na gari la 2004 lililosajiliwa miaka kumi iliyopita yamezaliwa mwaka mmoja. Tofauti ni nani amelitumia na kwenye barabara zipi.

Wanaokuambia injini imekwisha hawakudanganyi kwa makusudi. Ila injini si tairi, haiishi kwa kuhesabu kilomita. IST yako itakuwa na 1NZ-FE ya cc 1,496 au mdogo wake 2NZ-FE wa cc 1,298, utaona kwenye kadi. Hiyo 1NZ ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye Probox, Raum, Spacio, na Premio na Allion za cc 1,500, pamoja na zile Probox za Kenya zinazokimbiza miraa usiku kucha. Haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila kilomita 100,000. Ina cheni, na cheni hiyo inakazwa na kifaa kinachosukumwa na presha ya oili. Oili ikiwa safi na ikiwa imejaa, cheni inakaa sawa. Oili ikigeuka tope, cheni inalegea, njia ndogo za oili zinaziba, na ringi za pistoni zinaganda kwenye mifereji yake. Nimefungua 1NZ iliyopita 300,000 nikakuta kuta za silinda bado zina ile michirizi ya kiwandani. Nimefungua nyingine ya 120,000 ambayo chini ya kava la juu palikuwa na kitu kama ugali wa lami. Zote mbili ni 1NZ, zote za Toyota. Mwenye ile ya 300,000 alikuwa na daftari.

Sasa nikupe kitu ambacho yadi nyingi hazipendi ukijue. Fungua mlango wa dereva, angalia ubavu wa mlango na ule mhimili unaofungia mlango. Magari mengi ya Japani yana stika ndogo pale, wakati mwingine iko chini ya boneti, iliyobandikwa na fundi wa kule alipobadilisha oili. Maandishi ni ya Kijapani, lakini namba ni zilezile za kwetu. Utaona tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao: ukikuta H24 au 24 peke yake, ongeza 1988, unapata 2012. Ukikuta R, ongeza 2018.

Kijana mmoja aliwahi kuniletea Raum aliyokwisha kuilipia nusu. Dashibodi ilisoma 76,000. Mlango wa dereva ulikuwa umesuguliwa vizuri, hata alama ya gundi haikuonekana. Nikafungua boneti, nikamulika tochi pembeni ya boksi la chujio la hewa, nikakuta stika moja wameisahau, imejaa vumbi. Nikaifuta kwa kidole: 131,480, mwaka 25. Yaani mwaka 2013 gari lilikuwa limeshapita 131,000, na miaka iliyofuata likawa linarudi nyuma. Muuzaji alipoonyeshwa, akasema hiyo stika ni ya gari jingine. Labda ilikuja imepanda boksi.

Kurudisha kilomita za dashibodi ya kidijitali siku hizi ni kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye kifaa na kompyuta. Kwa hiyo usisome dashibodi, soma gari. Angalia mpira wa pedali ya breki: ukiwa umelika hadi chuma kinachungulia, hizo si 89,000. Kama mpira ni mpya kabisa kwenye gari la miaka 20, jiulize wa zamani uliishia wapi. Angalia usukani upande wa saa nne na saa nane, ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapoteleza kuingia, swichi ya kioo cha dereva, na mkanda wa kiti. Uvute mkanda wote utoke. Ukikuta kingo zimechanika nyuzi, mkanda huo umefungwa na kufunguliwa maelfu ya mara. Vilevile, ukipata namba ya chesisi unaweza kulipia kidogo mtandaoni ukapata karatasi ya mnada wa Japani, yenye kilomita za siku lilipouzwa kule na alama ya hali yake. Herufi R kwenye alama hiyo maana yake limewahi kugongwa likatengenezwa. Yadi ikikataa kukupa namba ya chesisi, funga safari urudi nyumbani.

Daftari la mama nalo lisikulevye. Daftari lililoandikwa usiku mmoja linajulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, kurasa safi. La kweli lina doa la oili, lina wino wa rangi tatu, lina mahali pameandikwa "fundi hakuja". Tafuta kama kilomita zinapanda kwa mpangilio, elfu tano, elfu tano, na ukikuta pengo, muulize kwa heshima. Mwenye gari anayejua kilichotokea atakusimulia bila kufikiri: "Ah, mwaka ule nilikuwa naumwa, gari lilikaa uani."

Ukaguzi wenyewe fanya asubuhi. Mpigie mama jana yake jioni: "Shikamoo mama, kesho nakuja saa 1 asubuhi kuliona gari, naomba usiliwashe." Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Iwe baridi. Mengi ya magonjwa ya injini ya zamani yanaonekana sekunde kumi za kwanza baada ya kulala usiku kucha, na muuzaji mjanja anajua hilo, ndiyo maana unakuta gari limeshawashwa "lipashe moto kidogo". Kama la moto, kunywa chai, urudi kesho.

Likiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, nyekundu au kijani au waridi, si muhimu ipi. Yakiwa ya kahawia kama mto Ngerengere wakati wa masika, gari limenyweshwa maji ya bomba miaka mingi na ndani kuna kutu. Ukiona utando wa mafuta juu yake, funga kifuniko uage. Vuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si kosa, ndiyo kazi yake kubeba uchafu. Kosa ni ikiwa chini ya alama, maana inakuambia gari linakula oili na mwenyewe hana habari. Na ukikuta oili mpya kabisa, nzito kama asali, siku hiyohiyo ya kuja mteja, shtuka: oili nzito inanyamazisha kelele kwa wiki chache. Geuza kifuniko cha oili uangalie chini yake. Ukipata kitu kama mayonesi, maji yanaingia kwenye oili, au gari linatembea safari fupifupi mno. Kwa hali zote mbili unataka maelezo.

Kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi lazima ziwake: ya oili, ya betri, ya injini. Ile ya injini, kile kiinjini cha rangi ya chungwa, ndiyo inayong'olewa balbu au kubandikwa karatasi nyuma ili isikusumbue. Kama haiwaki kabla ya injini kuwaka, hiyo si afya njema.

Mwombe mwenzako asimame nyuma kwenye ekzosi, wewe uwashe. Sikiliza mbele upande wa mikanda: mlio wa cheni wa sekunde moja kisha ukaisha unavumilika, ukiendelea kukwaruza ni bili. Moshi wa bluu unaotoka mwanzoni kisha ukakata, hizo ni sili za vali, kazi isiyotisha. Moshi wa bluu unaofuata kila unapokanyaga mafuta ni ringi, na kwa injini hii hapo mimi naacha, kwa sababu kuta za silinda zake ni nyembamba na kuzikereza si kazi ya kutegemea. Wengi huishia kununua injini ya mtumba kutoka Japani, kisha wanahangaika kubadilisha namba ya injini kwenye kadi. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu ni kulanti inayoungua. Mvuke mwembamba wa asubuhi ya Morogoro si moshi, usiuogope.

Gia zijaribu ukiwa umesimama, mguu kwenye breki: P kwenda R, subiri, kisha N, kisha D. Kila mara gari lishike ndani ya kama sekunde moja bila kukupiga teke mgongoni. Likichelewa, au injini ikinguruma kwanza ndipo gari lijikumbushe kwenda, giaboksi imechoka. Halafu toka nalo barabarani nusu saa nzima. Tafuta mlima, Uluguru iko nyuma ya nyumba, panda nalo ukiwa umefungua kiyoyozi. Mahali penye nafasi, kata usukani wote uzunguke polepole: ukisikia ka-ka-ka-ka, sivijointi, kile kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele, imekwisha. Shokamzoba, bushi na tairodi zitakuwa zimechoka kwa gari lolote la vumbi, la mama na la yadi. Hizo ni za kujadili bei, si za kukataa gari.

Bodi nitaipita haraka. Chukua sumaku ndogo ya friji, ifunge kwenye kitambaa, ipitishe kwenye madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, na milango. Penye puti nene, ule udongo wa kujazia bati lililobonyea, haishiki. Angalia vichwa vya bolti za boneti na madigadi kama vimechubuka rangi. Kukwaruzwa kwa kawaida kunavumilika. Chesisi iliyonyooshwa haivumiliki.

Karatasi sasa, na hapa usione aibu kwa sababu mwenye gari ni mama mtu mzima. Jina la kadi lilingane na kitambulisho chake. Namba ya chesisi na ya injini zilingane na zilizo kwenye chuma. Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini za barabarani, uangalie pia deni la maegesho, maana madeni yanafuata gari. Muulize kama kadi imewahi kuwekwa benki au kwa mkopeshaji, na uione kadi halisi, si picha ya simu. Andikeni mkataba kwa wakili, kisha mbadilishe umiliki TRA mkiwa wote wawili. Usiseme "nitabadilisha baadaye". Baadaye muuzaji amehamia kwa mwanawe Kahama na simu haipatikani.

Ukiona ya mama imefeli kwenye ringi, rejeta au gia, usikimbilie ya yadi kwa hasira. Ipeleke hiyo ya yadi kwenye ukaguzi huohuo, stika na yote. Na usije ukashawishiwa njiani na Premio ya D4 kwa bei ya kutupa. Si injini mbaya, ila mafuta yanaingizwa moja kwa moja kwenye silinda kwa pampu ya presha kubwa, inachagua mafuta na inachagua fundi, na bei ya kutupa ina sababu yake.

Haya, fedha. Milioni 11 si bei ya gari, mwalimu. Ni bei ya gari pamoja na mwezi wake wa kwanza. Hili ndilo linaloniuma zaidi kwa wateja wangu: mtu anamaliza yote kwenye kununua, gari linakuja gereji wiki ya pili, na hana ya oili. Ya mama ukiipata kwa milioni 8 na laki mbili tatu, unabakiwa na zaidi ya milioni 2. Kabla hujaanza kujivunia gari barabarani, badilisha oili na chujio lake, chujio la hewa, plagi, mkanda wa nje kama una mipasuko, mafuta ya breki, kulanti, themostati na kifuniko cha rejeta. Hivyo vyote kwa pamoja havifiki gharama ya kuchemsha injini mara moja. Baada ya hapo kila namba unayoiandika ni yako, huhitaji kuamini maneno ya mtu.

Hapo kwenye themostati nisimame, kwa sababu gereji zetu tuna dhambi moja kubwa. Gari likichemsha, fundi anang'oa themostati, anaitupa, anasema "nchi hii ina joto, hiki ni kifaa cha Ulaya". Kile kidude ni mlango. Injini ikiwa baridi kinafunga ili ipate joto haraka, ikifika kama nyuzi 80 na kidogo kinafungua maji yaende kwenye rejeta. Ukikitoa, injini haifiki kwenye joto lake la kazi. Kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi, oili haipati joto la kukausha unyevu, na gari ulilonunua kwa sababu halinywi mafuta linaanza kunywa. Siku ukikwama foleni au ukipanda mlima, linachemsha vilevile, maana ugonjwa wenyewe, rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, haukuguswa. Kwa hiyo muulize mama waziwazi kama themostati ipo. Njia ya kupima ni rahisi: washa likiwa baridi, shika bomba la juu la rejeta. Likianza kupata joto taratibu tangu dakika ya kwanza, mlango hakuna. Likikaa baridi kisha ghafla likawa la moto, ipo na inafanya kazi.

Kifuniko cha rejeta nacho watu wanakidharau kwa sababu kinauzwa bei ya chipsi. Kimeandikwa juu yake 0.9 au 1.1. Hiyo ni presha inayoshikiliwa ndani, nayo ndiyo inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100. Mpira wake ukilegea, maji yanachemka mapema na kutapikia kwenye chupa. Nunua chenye namba ileile. Na ndani weka kulanti iliyochanganywa tayari. Maji ya bomba yanakula injini ya alumini kutokea ndani, polepole, bila kelele.

Magari mengi madogo ya aina hii hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi joto. Nyekundu ikiwaka, umeshachelewa, kilichobaki ni kutochelewa zaidi. Mteja wangu mmoja alikuwa anatoka Dodoma, nyekundu ikamuwakia karibu na Gairo. Akajiambia, nimalizie tu hadi sheli ya mbele. Alifika. Alipoliwasha tena halikuwaka. Tulipofungua silinda hedi, kile kichwa kinachofunika silinda juu, na kuweka rula ya chuma juu yake, wembe ulipita katikati bila kugusa, na kwa injini hii hata wembe hautakiwi kupita. Safari ya kufika sheli ilimgharimu hedi nzima. Wewe ukiiona, simama hapohapo, zima, fungua boneti, ukae chini ya mti nusu saa. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto, na usikubali msamaria akumwagie injini maji baridi.

Oili badilisha kila kilomita 5,000. Kwa safari yako ya kilomita 36 kwa siku za kazi, hiyo ni kama miezi sita na nusu. Injini inachukua lita 3.7 hivi ukibadilisha na chujio, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha, na fundi anayekuambia ununue lita 5 anataka moja iwe yake. Watakushawishi uweke oili nzito ya 20W-50 kwa sababu gari ni la zamani. Kama halivuti oili, kaa kwenye 5W-30 au 10W-30. Likianza kupunguza kidogo kati ya mwago na mwago, nenda 10W-40. Ile nzito asubuhi inachelewa kufika juu kwenye cheni, na sekunde hizo ndizo zinazokula chuma. Nunua galoni yenye lakiri duka unalolijua, na ukimaliza itoboe kabla ya kuitupa, maana kuna watu wanaziokota na kuzijaza tena. Na vuta dipstiki kila Jumamosi. Hiyo ndiyo huduma ya bure kuliko zote.

ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ya IST hiyo ni T-IV. Hakikisha kopo limeandikwa hivyo, na kamwe usiruhusu mtu aweke humo mafuta ya CVT, ile giaboksi isiyo na gia za ngazi, wala T-IV kwenye CVT ya Axio au Fielder ya baada ya 2006. Kama haijulikani ilibadilishwa lini, isisafishwe kwa mashine ya presha. Mwageni iliyo chini, pimeni kwa chupa kiasi kilichotoka, rudisheni kiasi hichohicho, mrudie baada ya kilomita elfu kadhaa.

Vumbi la njia yako litakula chujio la hewa kuliko kitu kingine chochote. Kila unapobadilisha oili, litoe, ligonge chini taratibu. Likipigwa kompresa karibu karibu, karatasi inatoboka matundu usiyoyaona na mchanga unaingia kwenye silinda. Likiwa jeusi, nunua jipya.

Kwenye spea, mtumba wa Japani ni mzuri kwa mlango, taa, alternata, kioo. Breki pedi, waterpampu, tairodi, boljointi na mikanda nunua mpya, hata kama itabidi umwagize mtu akutafutie Gerezani au Ilala Dar es Salaam. Ukienda gereji, kaa na gari, omba kipuri cha zamani urudishiwe mkononi, na fundi anayebadilisha kabla ya kupima mkimbie. Gereji bubu chini ya mwembe haina ubaya kama fundi wake ni huyohuyo kila mwezi na anakumbuka gari lako.

Mama akikukabidhi kadi na funguo mbili, mwombe na daftari. Akisita kwa sababu lina mambo yake mengine humo, nunua lingine, ukae naye mezani unakili kilomita zote tangu mwanzo, ukimuuliza kila mstari ulikuwaje. Kisha chora mstari, andika tarehe ya siku hiyo, 214 elfu na ngapi, "oili, chujio, themostati", na uliweke kwenye droo ya mbele ya abiria.